Mwalikwa Afike Mwenyewe

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ilikuwa Jumanne, nimekaa kwenye dirisha langu la tiketi, chai ya pili iko pembeni, nashona kifungo cha koti la kijeshi, ambacho waigizaji wetu walikinyofoa kwenye mazoezi. Pale kwetu mkata tiketi ndiye mshona vifungo, ndiye mfagia jukwaa, na mwezi ukiwa mbaya ndiye anayeleta sabuni kutoka nyumbani kwake. Ni kituo cha sanaa za maonyesho kisichotafuta faida. Kinaishi kwa michango ya watu, na hiyo faida hata tungeitafuta sijui tungeipatia wapi.

Haya ninayoyaandika yalimpata shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Mtaani wanayasimulia kwa kuongeza chumvi, mara alipaa, mara aliota manyoya. Hakupaa. Alikaa. Na mimi nilikuwepo tangu mwanzo, tena mwanzo wenyewe uliandikwa kwa mkono wangu.

Shemeji alifanya kazi miaka ishirini na minane katika ofisi ya kuhudumia wanajeshi wastaafu. Aliingia karani, akatoka mkuu wa ofisi. Walimuaga kwa saa ya ukutani na hotuba ndefu, kisha kituo chetu kikamchukua kuwa mwenyekiti wa bodi, maana alijuana na wakubwa wote. Bodi ikaamua kumwandalia onyesho la heshima, Jumamosi, saa tisa alasiri: igizo fupi la maisha yake ya utumishi, kisha yeye mwenyewe apande jukwaani aseme mawili matatu.

Basi Jumanne hiyo akaingia na daftari jekundu kwapani, viatu vinang'aa, manukato yametangulia.

"Shemeji, nataka safu ya tatu yote," akasema. "Wakae wazee wangu, wale niliowahudumia. Watu wawaone kwa macho."

"Safu ya tatu ina viti kumi na kimoja."

"Basi chukua kumi na mmoja wa mwanzo humu. Andika bahasha wewe, una mwandiko mzuri. Na chini ya kadi uweke: mwalikwa afike mwenyewe. Sitaki kuletewa wajukuu."

Akacheka, akaenda zake.

Mimi sikucheka. Maneno hayo nilikuwa nayajua.

Mlango wa tano kutoka kwangu aliishi mzee mmoja tuliyemwita Tarumbeta. Jeshini alikuwa mpiga tarumbeta, na vita vilimrudisha na mguu mmoja na kifua kibovu. Chombo chenyewe hakuwa nacho tena. Alikuwa anauigiza ule mlio kwa midomo tu, taratibu, kwa pumzi ile ndogo aliyobakiwa nayo, na wanangu wakisikia wanasimama wima na kupiga saluti. Alichokitaka ni barua moja kutoka ofisi ya shemeji, ya kumruhusu atibiwe hospitali ya wanajeshi. Aliandika mara saba. Mara saba alijibiwa mstari mmoja: mhusika afike mwenyewe. Ofisi iko ghorofa ya tatu, na lifti yake ilikufa kabla mimi sijaolewa.

Nilimwombea kwa shemeji, mezani kwa dada, mbele ya sahani zao.

"Utaratibu ni utaratibu, shemeji," alinijibu huku anatafuna. "Nikianza kutoa barua kwa watu nisiowaona, kesho nitahudumia hata maiti."

Dada akanikanyaga mguu chini ya meza, nikavuta sahani yangu.

Mwisho mke wa Tarumbeta alimbeba mumewe mgongoni, ngazi zote. Akamketisha kwenye benchi la korido. Benchi lile lilikuwa na kanuni, shemeji aliitunga mwenyewe na kuibandika ukutani: anayeinuka amepoteza nafasi, aanzie mwisho. Mzee hakuinuka. Alisogea nafasi moja moja kutoka asubuhi mpaka alasiri, akafika ya kwanza, na mke wake akashuka kumtafutia maji. Shemeji akaita jina lake kutoka ndani, mara tatu, bila kunyanyua kichwa kwenye karatasi zake. Hakuna aliyeitika. Akagonga muhuri kwenye faili. Mama yule aliporudi na maji alimkuta mumewe ameketi wima, amekwisha kufa, mkono mmoja umegusa mlango.

Yote hayo mama yule alinisimulia siku ile ile, mengine kaambiwa na waliokuwa kwenye foleni, macho makavu. Miaka miwili baadaye ofisi ilinunua viti vipya, na shemeji akatuletea lile benchi liwe mchango wake kwa sanaa. Ni gogo la benchi, la watu kumi na wawili, limejaa korido yetu ya kuingilia kutoka mlango wa barabarani mpaka mlango wa stoo ya mavazi. Lina kibati cha shaba cha kumshukuru. Mimi sijawahi kulikalia.

Sasa nikalifungua daftari jekundu. Kila jina kwenye ukurasa wa kwanza lilikuwa na muhuri wa zambarau pembeni: MHUSIKA HAKUFIKA. FAILI LIMEFUNGWA. Nikafungua ukurasa wa pili, vile vile. Shemeji alikuwa amebeba daftari la mafaili yaliyofungwa. Nadhani alilichukua kwa sababu ndilo lililokuwa nene kuliko yote, na majina hakuwahi kuyasoma. Mstari wa nne alikuwa Tarumbeta.

Ningeweza kupiga simu. Ilikuwa sentensi moja tu: shemeji, umekosea daftari. Sikupiga, na sitajitetea kwamba nilisahau. Nilikaa kimya kwa hasira. Nilijua kadi zitarudi na posta au zitapotea, na safu ya tatu itakaa tupu mbele ya wageni wake wote, na mtu atauliza wako wapi hao wazee. Nilitaka aaibike. Nikaandika bahasha kumi na moja kwa mwandiko wangu mzuri, na ya nne niliiandika polepole kuliko zote.

Jumamosi wageni walifurika. Hapa nieleze jinsi ninavyofanya kazi, maana ndiyo niliyoshuhudia nayo. Viti vyetu ni vya springi. Mtu akiinuka kinapanda chenyewe na kujikunja. Kwa hiyo mimi sihesabu vichwa, nahesabu viti vilivyo chini. Nasimama nyuma, nahesabu, kisha nalinganisha na vishina vya tiketi vilivyo kwenye kopo langu. Hesabu zikikubaliana, namwashia fundi wa taa tochi mara mbili, naye anazima za ukumbini. Miaka kumi na nne, sijawahi kukosea.

Saa tisa kasoro dakika tano vishina vilikuwa mia moja arobaini na vitatu. Viti vilivyo chini, mia moja arobaini na vitatu. Safu ya tatu yote ilikuwa imejikunja. Kadi zilikwenda na posta, lakini bahasha kumi na moja za tiketi zao zilikuwa zimelala mezani karibu na mlango, hakuna aliyezigusa. Nisiwadanganye, moyo wangu ulifurahi. Nikawasha tochi mara mbili.

Igizo lilikwenda vizuri. Kijana wetu alimwigiza shemeji enzi za ukarani, akiwakabidhi wazee barua kwa mikono miwili, akiwasaidia kushuka ngazi. Watu wakapiga makofi. Dada, safu ya mbele, akatoa kitambaa. Kisha shemeji akapanda, akashika kipaza sauti, akashukuru bodi, akashukuru wafadhili.

"Na wazee wangu wako hapa," akasema, akanyoosha mkono kuelekea safu ya tatu huku anawatazama wakubwa. "Hawa wote nimewahudumia. Karibuni, wazee, kaeni mstarehe."

Kiti cha kwanza kikashuka.

Hakikushuka kwa kishindo. Kilishuka taratibu, kikasita katikati, kikamalizia, vile anavyokaa mtu mwenye goti bovu. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Cha nne kilishuka upande mmoja kwanza, kikajiweka sawa.

Simu ya mkononi ikatetemeka mfukoni mwangu. Alikuwa fundi wa taa, kule juu kwenye chumba chake.

"Nani anakaa safu ya tatu?" akanong'ona.

"Hakuna mtu."

"Viti viko chini."

"Naviona."

"Nimulike?"

"Usimulike," nikamwambia.

Nikatoka mpaka korido. Meza ilikuwa tupu. Bahasha zote zimechukuliwa. Mlango wa barabarani ulikuwa umefungwa, na komeo ni mimi niliyeliweka. Nikamimina kopo, nikahesabu vishina. Mia moja hamsini na vinne. Kumi na kimoja vya juu vilikuwa vimechanwa vizuri, kwa mstari, na vilikuwa na unyevu. Mkata tiketi pale ni mimi peke yangu.

Niliporudi ndani shemeji alikuwa amenyamaza. Alikuwa anaangalia safu ya tatu, hatimaye. Alikuwa anaiangalia kiti kwa kiti, na kila alipofika kwenye kiti kingine, midomo yake ilitikisika kidogo. Kipaza sauti kilituletea pumzi yake tu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu mwenye shida: "Samahani, foleni inaanzia wapi?"

Akashuka jukwaani. Akapita katikati ya watu, akampita dada, akanipita mimi. Akafika korido akakaa kwenye benchi, mwisho kabisa, upande wa mlango wa barabarani. Mikono juu ya magoti.

"Shemeji, watu wanakungoja," nikasema.

"Nimeambiwa nisubiri," akanong'ona. "Mbele yangu wapo kumi na mmoja."

Benchi lilikuwa tupu.

Jioni ile wanaume wanne walijaribu kumwinua wampeleke nyumbani. Shemeji ni mtu wa mifupa tu, mimi mwenyewe ningembeba. Hawakumsogeza hata kidogo. Daktari aliletwa, akamtazama macho, akasema ni mshtuko, akipumzika atakuwa sawa. Kesho yake dada akaleta shuka na chupa ya uji. Bodi ikaahirisha maonyesho, ikasema tutaona.

Na asubuhi hiyo tulimkuta amesogea nafasi moja.

Hakuna aliyemwona akisogea. Jumatatu akawa amesogea nyingine. Nilichora mstari wa chaki pale alipokaa, na Jumanne mstari ulikuwa nyuma yake, umekatika katikati, kama uliokaliwa. Nilipotaka kukaa karibu naye alininyooshea kiganja.

"Hapo pana mtu, shemeji."

Mara nyingine aligeuka upande akaomba radhi kwa kumkanyaga mtu mguu. Mara nyingine alijibanza, akipisha. Dada alikuwa anamlisha kwa kijiko, na yeye anakula haraka haraka bila kuondoa macho kwenye mlango wa stoo.

Nilihesabu, maana kazi yangu ni kuhesabu. Nafasi kumi na mbili, siku kumi na mbili. Jumatano ya wiki ya pili atakuwa nafasi ya kwanza. Nilijua nani alikaa hapo kabla yake, na nilijua ilikuwaje.

Siku ya kumi na moja dada alinivuta pembeni. Alikuwa amekonda, na khanga aliivaa kinyume bila kujua.

"Anamtaja Tarumbeta," akasema. "Si alikuwa jirani yako? Mke wake si yupo? Nenda ukamwombee radhi, mdogo wangu. Sina mwingine wa kumtuma."

Alinishika mkono huu huu ulioandika bahasha. Sikumwambia. Nilikwenda mbio.

Mke wa Tarumbeta alikuwa uani anaanua nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya shemeji yako."

Nikamweleza yote, hata lile la daftari, hata hasira yangu. Alisikiliza huku anakunja shuka, pembe kwa pembe.

"Ngazi zilikuwa sitini na sita," akasema. "Nilizihesabu kwa sababu nilikuwa naogopa kuanguka naye."

"Mama, kesho atakufa. Njoo umwambie umemsamehe."

"Kumsamehe nitamsamehe. Akija hapa akaniangalia usoni akasema nimekosa, yameisha, sina haja ya roho ya mtu." Akaweka shuka juu ya nyingine. "Ila asitume mtu."

"Hawezi kuinuka."

"Na wangu je, aliweza?"

Akachukua shuka jingine kwenye kamba.

"Mwambie afike mwenyewe," akasema, na hakukuwa na ukali wowote ndani ya sauti yake. Ningependa angenifokea.

Nilirudi nikapiga magoti mbele ya benchi, nikamshika shemeji mashavu. "Amekubali kukusamehe. Ni mlango wa tano tu kutoka kwangu. Umwombe wewe kwa mdomo wako, basi. Inuka twende."

Macho yake yalirudi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile yalikuwa macho yake. Alinielewa, na machozi yakamtoka. Akaweka viganja juu ya benchi, akajisukuma, na akainuka. Wanaume wanne walishindwa, yeye akainuka mwenyewe kiasi cha shubiri, nikaona mwanga chini yake. Dada akaanza kumwita Mungu.

Kisha akageuza shingo, akatazama nyuma, kule mwisho wa benchi alikoanzia. Akatazama mbele, kwenye mlango.

"Nikitoka nitaanzia mwisho," akasema.

"Uanzie mwisho, kuna ubaya gani?"

"Shemeji," akaninong'oneza, kama anayenionea huruma kwa kutoelewa, "nimebakiza mmoja tu."

Akakaa.

Jumatano tulikuwa watatu pale korido: dada, fundi wa taa na mimi. Saa nne asubuhi. Jua limeingia mpaka katikati ya sakafu. Shemeji yuko nafasi ya kwanza, shati limefungwa mpaka shingoni. Mlango wa stoo nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, nimeubana mpaka unaniumiza.

Ndani ya stoo mtu akaanza kupiga tarumbeta kwa midomo. Taratibu. Kwa pumzi ndogo.

Dada akanishika.

Mlio ukakoma. Jina la shemeji likaitwa. Sote watatu tulilisikia, na sote watatu tuliijua sauti. Ilikuwa ya shemeji mwenyewe. Ile ya ofisini. Ya mtu asiyenyanyua kichwa.

Akafungua mdomo aitike. Hakikutoka kitu.

Likaitwa mara ya pili. Akajisukuma kwa viganja viwili. Benchi halikumwachia. Mishipa ikamsimama shingoni. Akanyoosha mkono, akaugusa mlango kwa ncha za vidole.

"Yupo," dada akalia. "Yupo hapa, jamani. Mume wangu yupo."

Likaitwa mara ya tatu.

Kisha tukasikia muhuri ukigongwa.

Shemeji alibaki ameketi wima. Tulipomgusa alikuwa amekwisha poa, kama aliyekufa tangu jana. Akainuliwa na mtu mmoja, fundi wa taa, bila taabu yoyote.

Nilifungua stoo kwa ufunguo wangu. Haina dirisha, haina mlango mwingine. Makoti ya kijeshi yalikuwa kwenye henga zake. Juu ya meza yangu ya kushonea kulikuwa na faili. Juu yake limeandikwa jina la shemeji, kwa mwandiko mzuri, na mwandiko huo ni wangu. Sikuliandika. Ndani mna karatasi moja, na kwenye karatasi muhuri wa zambarau: MHUSIKA HAKUFIKA. FAILI LIMEFUNGWA.

Nililificha chini ya khanga kabla dada hajaingia, na mpaka leo liko chini ya godoro langu. Ni mwaka wa tatu sasa. Dada anaishi kwangu. Bado ananiuliza, tukiwa tunachambua mboga, ni nani aliyewaalika wale watu, na mimi namjibu sijui.

Wino wa ule muhuri haujakauka. Kila nikiugusa kidole kinatoka na rangi, na rangi hiyo haitoki kwa sabuni, inakaa siku nzima. Leo asubuhi nimeugusa tena. Dada ameniita mara mbili kutoka jikoni, anataka nimsaidie kukamua nguo, na mimi nimekaa hapa nimefumbata mkono.